Kiingereza cha Kuomba

Darasa letu katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma lilinuka chaki na bati lililochomwa na jua. Mwaka 2012 nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, na katika kila ofisi mimi ndiye niliyemsemea mama, kwa kuwa yeye alijua Kidinka na Kiarabu cha Juba tu. Jicho lake la kulia lilikuwa limefunikwa na utando mweupe, na la kushoto lilianza kufifia. Ili atibiwe katika hospitali ya Lodwar tulihitaji barua ya karani wa zahanati. Nilisimama mbele yake nikasema kwa Kiingereza, waziwazi, kwamba nataka barua na aiandike sasa. Karani akafunga faili, akaita mtu mwingine.

Nilimsimulia Mwalimu Akiru, Mturkana wa Kataboi aliyetufundisha Kiingereza, nikitarajia amkasirikie karani. Yeye akaniuliza ningemwombaje mzee kitu kwa Kidinka. Nikamwambia ningemwita baba, ningeinamisha macho, ningelainisha sauti, kisha ningesema nipe.

"Basi heshima yako iko machoni na kwenye sauti," akasema. "Kiingereza huiweka ndani ya sentensi. Wewe ulimpelekea sentensi tupu."

Wiki nzima darasani tulijizoeza kuomba kwa Kiingereza: kalamu kwa rafiki, maji kwa jirani, ruhusa kwa mwalimu mkuu, kila ombi kwa maneno yake. Mwenzangu mmoja aliomba kifutio kana kwamba anamwandikia waziri, tukacheka mpaka machozi. Lakini Mwalimu hakutufundisha kujidhalilisha. Alisema ukishauliza vizuri, usiondoke bila jibu.

Nilirudi kwa karani, nikamwamkia, nikamwomba radhi, kisha nikauliza kama angeweza kutusaidia. Akaandika. Kule Lodwar tulikaa kwenye benchi mpaka mchana, wauguzi wakitupita. Daktari alipotokea, nilisimama.

"Samahani, daktari," nikasema kwa Kiingereza, "mama yangu amengoja tangu asubuhi. Ningeshukuru kujua ataonwa saa ngapi."

Alimtazama mama. "Sasa," akasema.

Leo nafundisha Kiingereza katika chuo kimoja hapa Lodwar. Wanafunzi wangu wamekiokota kwenye simu. Wanakitamka vizuri kuliko mimi wa wakati ule, ila humwandikia mkuu wa chuo kama wanavyomwandikia rafiki. Siwakaripii. Nawauliza kwanza ombi hilo husemwaje kwao nyumbani, tunaanzia hapo. Mama akija kunitembelea, hushuka stendi peke yake, na huniona kutoka ng'ambo ya barabara kabla mimi sijamwona.