Sheria Iliyotungwa kwa Msiba Wangu

Siku hizi vijana wa grupu letu wanaitaja ile sheria kana kwamba ilishuka na mvua. "Jamani, msiba hauandikwi hapa mpaka mfiwa aambiwe kwa simu na mtu wa kwao." Ukiwauliza imetoka wapi, hawajui. Imetoka kwangu, na sikuombwa ruhusa.

Wakati ule hakukuwa na magrupu ya simu. Sisi Watanzania wa London tulikuwa na jukwaa letu kwenye mtandao, na adabu zake tulijitungia wenyewe kadiri tulivyogombana. Ukiingia, salamu kwanza. Usiandike kwa herufi kubwa, unatupigia kelele. Nilikuwa natunza wazee Edmonton, na nikitoka shifti napitia maktaba, nakaa kwenye kompyuta yao, nacheka na watu wangu. Nililipenda jukwaa lile, nisiseme uongo.

Siku moja nikafungua nione nani kajibu utani wangu kuhusu ugali wa huku. Chini yake zimejipanga pole tupu. "Pole sana dada." "Mama alikuwa mtu wa watu." Mama yupi? Nikasoma kurudi juu mpaka nikamfikia aliyeanza, bwana mmoja wa Croydon ambaye ndugu yake anakaa mtaa wetu Tanga. Mtu nisiyemjua hata sura ndiye aliyenipa kifo cha mama yangu, tena mbele ya kadamnasi! Nilipiga yowe mle maktaba, nikaambiwa nitoke.

Nje, kwenye kibanda cha simu, nikampata kaka yangu. "Nani kakwambia?" akauliza, kisha akaanza kulia. "Nilikuwa natafuta maneno, mdogo wangu. Siku nyingine hutasikia kwa watu. Utasikia kwangu." Kadi ikaisha, simu ikakatika.

Jukwaani wakaiweka sheria juu kabisa, kila anayeingia aione. Aliyeiandika ni yuleyule bwana wa Croydon, wakamsifu kwa busara zake. Busara, ebo! Mimi hajaniomba radhi mpaka leo.

Jukwaa likafa, tukahamia kwenye simu, sheria tukahama nayo. Mwaka huu, Alhamisi moja, niliweka grupuni picha ya maandazi yangu. Kwa kawaida wangenichamba mpaka nijute. Siku hiyo kimya. Bwana wa Croydon peke yake akaniwekea kidole gumba. Ijumaa nikawatania tena, kimya vilevile. Nikasema haya, watu wana kazi zao.

Jumamosi akapiga mke wa kaka yangu, sauti imemkauka.

"Wifi, ndugu yako tumemzika jana, na wewe hata simu? Wenzako wa huko wote wamenipigia kunipa pole!"

"Mbona hamkuniambia?"

"Nilijua umeshaambiwa. Si mko pamoja huko?"

Nilikaa chini jikoni, nikalia mpaka majirani wakagonga ukuta. Kisha nikampigia yule bwana wa Croydon.

"Ulijua?"

"Dada, tulijua wote tangu Alhamisi. Lakini sheria si unaijua? Tulikuwa tunasubiri mtu wa kwenu akupigie kwanza."

Mtu wa kwetu wa kunipigia alikuwa mmoja tu, na huyo ndiye aliyezikwa.