Mshipa wa Baba

Mimi kunyamaza sikujua, na mwaka ule nusura nimkoseshe baba yangu mke.

Baba alikuwa fundi seremala hapa Lamu. Mama alikuwa ameshafariki, na baba ameposa mjane mmoja wa Chundwa, ng'ambo ya maji. Zilibaki wiki mbili tu harusi ifike. Siku moja akashikwa na kizunguzungu kazini. Nikamkokota mwenyewe hadi hospitali, maana kwa hiari yake asingekwenda.

Daktari alimfunga kitambaa mkononi, akaminya kipira, zebaki ya kipimo cha presha ikapanda, ikapanda, mpaka nikaogopa. Kisha akamshika kifundo cha mkono. Kwa kidole kimoja akazuia damu isipite, kwa cha pili akaupapasa mshipa.

"Mshipa mzuri ukiwa mtupu hausikiki," akasema. "Huu bado nausikia. Umekakamaa, Bwana, na moyo unasukuma damu kwa taabu. Punguza chumvi."

"Na papa mkavu?" baba akauliza.

"Huyo ndiye wa kwanza."

Baba alitoka amenuna. Ndiani jirani yetu akaniuliza mgonjwa ana nini. Nami nikajibu kwa sauti, "Ana mshipa! Tena mgumu!"

Lo! Kwetu ukisema mwanamume ana mshipa, hakuna anayemtazama mkono. Watu humtazama anavyotembea. Mshipa ni busha! Nililijua hilo tangu utotoni, lakini siku ile kichwa changu kilijaa zebaki. Kufika magharibi, wanaume msikitini walikuwa wakimwambia baba, "Pole, Bwana, kaa taratibu." Alipoelewa, alikuja kwangu akasimama mlangoni.

"Mwanangu," akasema, "umenivua nguo barazani."

Niliona haya, wallahi. Na habari ikavuka maji kabla sijapata la kusema.

Siku ya tatu akaja kaka yake yule mjane. Kahawa hakuigusa. Alianza na habari za shamba, akaenda kwenye mvua, akarudi shambani, jasho linamtoka. Baba akachoka kungoja, akakunja mkono wa kanzu.

"Shika hapa, Bwana. Mshipa wangu ndio huu. Mwengine sina."

Akamwonyesha namna ya kuzuia damu na kupapasa. Yule bwana akabonyeza, akabonyeza tena, kisha akacheka mpaka akakohoa. Mimi nyuma ya pazia nilicheka na kulia pamoja.

"Basi dada yako alikutuma uvunje posa?" baba akauliza.

"Yeye? Waliotaka kuvunja ni sisi wanaume. Yeye kanituma niseme harusi iko pale pale. Kasema, 'Busha nitalizoea. Bwana mwema sitampata mwengine.'"

Baba alishusha mkono wa kanzu polepole. Kisha akamsogezea shemeji yake ile kahawa.