Mafundo Sita Hadi Accra

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya tikiti za ndege, Buruburu, nilipewa kiti cha nyuma na tufe la dunia nilipanguse vumbi. Nilikuwa kijana wa Kaloleni, mwenye haya nyingi na cheti cha shule ya msingi tu. Tikiti ziliandikwa kwa mkono juu ya karatasi ya kaboni, nami niliandika polepole.

"Ukimaliza hiyo moja," Meneja aliniambia, "ndege itakuwa imeenda na kurudi."

Hesabu za masafa zilinitatiza, nikatafuta njia yangu. Nilitandaza uzi wa cherehani juu ya tufe, kati ya miji ambayo muda wa safari yake niliujua, nikapiga fundo kwa kila saa ya kuruka. Tangu hapo, mtu akitaja mji, nilinyoosha uzi na kuhesabu mafundo.

"Tumeajiri karani ama fundi wa nguo?" Meneja alicheka.

Asubuhi moja akaja Mama Halima, muuza vitenge, aliyekuwa akienda Accra kwa mara ya kwanza. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kila adhuhuri, saa sita, alijidunga sindano kabla ya kula.

Meneja alimsomea tikiti. "Unatoka hapa saa mbili asubuhi, unafika saa tano. Saa tatu tu, Mama."

"Basi dawa nitaiweka kwenye sanduku kubwa. Saa sita nitakuwa hotelini."

Sanduku kubwa hupakiwa tumboni mwa ndege, angani hulifikii. Na nilipounyoosha uzi wangu hadi Accra, nilihesabu mafundo sita. Sikuwa nimewahi kumkosoa Meneja.

"Samahani, Mama. Ni saa sita."

"Saa sita mchana?"

"Hapana, Mama. Masaa sita ya kuruka."

"Wewe!" Meneja aligeuka. "Huoni tikiti?"

"Naiona, mzee. Lakini saa ya kufika huandikwa kwa saa za huko. Accra wako nyuma yetu kwa saa tatu. Kwao ikiwa saa tano, hapa ni saa nane."

Meneja aliitazama tikiti, akalitazama tufe. Kisha akafungua droo, akanipa makasi.

"Mkatie Mama uzi wake," alisema. "Na wewe Mama, dawa ikae kwenye mkoba wa mkononi."

Nilimwambia Mama Halima afungue fundo moja kila saa ikipita. La nne likifunguka, kwa saa za nyumbani ni saa sita.

Baadaye nilihamishiwa ofisi ya mjini, nikawa karani mkuu, na kila karani mpya Meneja alimtuma kwangu na uzi mkononi. Sasa nimestaafu. Simu za wajukuu wangu hutaja masafa na muda kabla sijavaa miwani, nami nafurahi.

Lakini ule uzi wa Accra ninao. Mama Halima aliporudi aliniwekea mezani, mafundo manne yamefunguliwa.

"La nne nilijidunga, nikala, nikalala," alisema.

Yale mawili yaliyobaki sijayagusa.