Makaa ya Fundi Musafiri

Baba mukubwa wangu, Musafiri, alishuku kila kitu kilichokuja bila kuombwa. Ukimpa mkono wa salamu, macho yake yalikwenda kwenye ule mkono wako mwingine. Watu wa Lusangi, kijijini kwetu, walimcheka, na mimi nilimcheka nilipokuwa sijapata akili. Leo simcheki. Nikisikia mtu anasema yule mzee alizidi wasiwasi, namuuliza: wewe uliwahi kuombwa shauri na muzungu?

Musafiri alikuwa fundi wa injini kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila, miaka ile ya vita vya wazungu. Mkubwa wa machimbo walimwita Bwana Taratibu, kwa sababu hata kofi alilipiga bila haraka. Nyumba yake ya kilimani ilipata umeme kutoka mtambo wa maji huko mtoni. Kiangazi maji yalipungua, taa zikafifia na kuzimika. Hapo ndipo Musafiri alipowasha injini ya akiba nyuma ya nyumba. Kibandani zilikuwa mbili: ndogo ya esanse, yaani petroli, na moja kuukuu ya mazuti, yale mafuta mazito ya dizeli. Lakini vita vilikausha mafuta yote mawili. Mapipa kutoka Kasongo yalianza kuja nusu, kisha hayakuja kabisa.

Siku moja Bwana Taratibu akamwita barazani.

"Musafiri, wewe unajua injini kuliko mimi. Ile ya mazuti inaweza kunywa mafuta ya mawese. Ile ya esanse tunaweza kuifungia jiko la chuma, ikaenda kwa moshi wa makaa. Mawese iko, makaa iko. Uchague wewe. Nakupa wiki moja."

"Ndiyo, Bwana," akajibu, akashuka kilima. Miaka kumi na miwili alifanya kazi pale, na hakuna aliyewahi kumuuliza hata kama mvua itanyesha. Usiku akamwambia mkewe, mama mukubwa Victorine: "Muzungu hakukosa akili ya kuchagua. Anatafuta mutu wa kutwika hii mambo."

Na jambo lenyewe lilikuwa zito. Mafuta ya mawese hayadondoki kutoka mbinguni. Mama yake Victorine na wanawake wenzake walikwisha lazimishwa kupeleka chikichi kila mwezi, na kapita, msimamizi wa wazungu, akikuta kikapu kimepungua, mume wa mwenye kikapu alifungwa. Musafiri akisema mawese, basi watatakiwa mafuta juu ya chikichi. Wangeyatoa wapi? Wangekamua mifupa yao? Alikuwa na siku saba za kutafuta jibu ambalo halitamwangukia mtu yeyote.

Siku ya tatu Bwana Taratibu akaenda Kabambare. Musafiri akamwambia Victorine alete chupa ya mafuta ya nyumbani. Akayapasha moto kwenye sufuria mpaka yakawa mepesi, akayamimina katika ile injini kuukuu, akaizungusha kwa mpini wake wa chuma. Ikakohoa mara mbili, kisha ikaenda vizuri kabisa. Kibanda kizima kikanuka ndizi za kukaanga. Victorine alicheka mpaka akashika mbavu. Musafiri akaizima haraka, akafungua mlango, akawa anapepea ule moshi kwa shati lake, jasho linamtoka.

"Si inakwenda?" akauliza Victorine.

"Inakwenda. Ndiyo maana sitasema."

"Utasema nini?"

"Nitasema inakataa. Na mbele ya macho yake itakataa."

Victorine hakucheka tena. Aliniambia mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwamba siku ile alimpenda mumewe kuliko siku ya harusi.

Upande wa makaa, Musafiri alikuwa amepiga hesabu zake. Wafanyakazi wa machimbo walikata miti kila siku kwa ajili ya mashimo, na matawi yalibaki yakioza. Aliona hao hao wangeyachoma, na kijijini hakuna ambaye angeguswa. Alizungusha hesabu hiyo kichwani akitafuta mtego, asiuone. Hilo nalo lilimtia wasiwasi, lakini wiki ilikuwa imekwisha.

Asubuhi ya majaribio, Bwana Taratibu amekwisha rudi, kulikuwa na baridi. Akayamimina mafuta jinsi yalivyo, yameganda, hakuyapasha. Injini ikavuta, ikakabwa, ikafa. Akajaribu tena, ikafa. Bwana Taratibu akachovya kidole kwenye mafuta, akakinusa, akakifuta kwa kitambaa.

"Na makaa?"

Hapo baba mukubwa wangu, mtu ambaye hakusema neno bila kulipima, akaongeza chumvi. Alitaka aaminiwe. "Makaa ni mazuri, Bwana. Ukoo wetu tunayajua. Babu yetu pale Lusangi alifua chuma kwa makaa, hakuna aliyemshinda."

Bwana Taratibu akatabasamu. Musafiri hakuwahi kuona meno ya yule mtu kabla ya siku ile. Waswahili husema mdomo uliponza kichwa, lakini safari hii kichwa kilichoponzwa kilikuwa cha mtu mwingine.

Mchana huo huo walitoa sanduku kubwa ghalani, na ndani yake jiko la chuma, jipya, la kufunga kwenye injini ya esanse. Vumbi lilikuwa limejaa juu ya sanduku, na panya walikwisha zaa katika majani makavu yaliyofungia jiko. Musafiri akamuuliza karani, Marcellin: "Hii sanduku iko hapa tangu lini?"

Marcellin akaangalia kando. "Tangu Pasaka."

Na swali aliulizwa kiangazi, miezi baada ya Pasaka.

Siku ya nne baada ya majaribio Marcellin alifika Lusangi na barua, akaisoma mbele ya watu wote: fundi Musafiri amechagua makaa, na kwa kuwa amesema mwenyewe kwamba ukoo wake unayajua tangu babu yao, ukoo huo ndio utakaoyachoma. Mkubwa wa kazi awe mdogo wake, Bulaimu. Bulaimu ni baba yangu. Aliondoka siku ile ile, shamba la mpunga halijavunwa, mama ana mimba yangu.

Alichoma makaa viangazi viwili. Wanarundika miti, wanaifunika udongo, inaungua ndani kwa ndani siku kadhaa. Ukiona tundu linatoa moshi, unapanda kuliziba, la sivyo yote yanageuka majivu na unapigwa. Baba alipanda kuziba tundu, udongo ukabomoka, mguu ukazama motoni mpaka gotini. Alirudi nyumbani kwa machela, mguu hauna vidole.

Musafiri alikuja kumweleza. Alimwambia juu ya sanduku, vumbi, panya, Pasaka. Baba alisikiliza yote.

"Yaya," akasema, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "hiyo sanduku ilimujua babu yetu?"

Musafiri akainuka, akaenda zake. Jibu la swali hilo mimi nimelitafuta kwa hasira mpaka leo.

Kwetu, anayeleta pombe huonja kwanza, mnywaji ajue haina sumu. Lakini ndugu wa tumbo moja hawaonjeshani, ni matusi. Musafiri alipoleta kibuyu cha pombe ya ndizi kuomba msamaha, baba alimwambia mbele ya watu: "Onja kwanza, yaya." Akaonja. Tangu siku hiyo kila alipokuja aliambiwa hivyo, na kila mara alionja. Miaka kumi na mitatu. Nilipokua kidogo, mimi ndiye niliyekuwa nawashikia kata ya kunywea, na nilitamani kuivunja.

Kisha Musafiri akapata ugonjwa wa koo, hata uji ulipita kwa shida. Alikuja hivyo hivyo, ameshikwa bega na Victorine, na kibuyu kidogo.

"Onja kwanza, yaya."

Akaonja. Pombe haikushuka, ikamrudia kifuani. Baba akalitazama shati la kaka yake lililolowa, akachukua kibuyu, akakimwaga chote chini. Victorine akaanza kulia. Musafiri akasema, sauti haitoki vizuri: "Ni koo, mudogo wangu. Ni koo tu."

Tulimzika kabla mwezi haujaisha. Tukirudi kutoka kaburini, baba alikuwa ameniegemea, anachechemea.

"Julienne," akaniuliza, "ile siku, pombe iliporudi, ilikuwa koo kweli?"

"Ilikuwa koo, baba."

Akatembea kidogo, akasimama.

"Nani alikuambia?"