Jicho la Weris

Weris huyu unayemwona anatembea kichwa kimeinamia kushoto, usidhani ni mnyonge. Ni moto! Tunafanya kazi ya uuguzi pamoja wodi ya watoto njiti hapa Garissa, na sijaona daktari wala mzee wa ukoo aliyemtisha akatishika. Mimi mtu wa Witu, mdomo ninao, lakini mbele yake nanywea.

Jicho lake la kushoto lilipasuliwa kwa fimbo na Adow, mfugaji wa Kotile. Acha nikusimulie mimi niliyekuwepo, maana mjini wanaongeza chumvi.

Dada yake Adow, Deeqa, alikuwa ameshazika watoto watatu. Wa nne akamzaa wa miezi saba, kadogo, ngozi nyembamba hadi mishipa inaonekana. Tukamlaza kwenye kisanduku cha joto, tukamwekea oksijeni puani. Alipopata nafuu, Weris akaipunguza. Adow alikuwa mlangoni. Akasikia mvumo wa hewa umefifia, akaingia mzimamzima na kuzungusha kifungo cha oksijeni hadi mwisho.

"Unamnyima hewa mtoto wetu!" alifoka kwa Kisomali, nami Kisomali nakielewa, hasa cha matusi.

Weris akakirudisha kifungo. "Abti," akamwambia, maana ndivyo wanavyomwita mjomba, "hewa ikizidi itamla macho. Fisi akiingia zizini kwako, mlinzi hufanya nini? Hukimbia kuwaamsha wenye mikuki. Basi ndani ya kila seli ya mwili mna protini yenye kazi hiyohiyo. Oksijeni ikizidi huzaa sumu. Protini ile hukimbilia kwenye jeni na kuziamsha, nazo hutengeneza kinga ya kuizima. Lakini tumboni hewa ni haba, na mlinzi huyo hukomaa miezi ya mwisho. Huyu katoka mapema, mlinzi wake bado mchanga. Na mishipa ya macho yake ndiyo kwanza inaota, sumu itaanza nayo."

Alimweleza akaelewa kabisa, nina hakika. Lakini hasira haina masikio.

"Watatu wamekufa mbele yangu wakitafuta pumzi! Leo pumzi imekuwa fisi?"

Akakizungusha tena. Weris akakirudisha. Hapo fimbo ikashuka. Ya kwanza ilimpata begani. Ya pili ilimpata mkononi, nikasikia mfupa ukilia, naye akabadilisha mkono, akakishika kifungo kwa ule mzima. Ya tatu ikatua jichoni. Damu ikatapakaa juu ya kisanduku, mtoto ndani anapiga mateke. Nilimrukia Adow mgongoni nikamng'ata sikio, na wallahi sijutii! Deeqa, mshono wake bado mbichi, akajiburuta kutoka kitandani akakikumbatia kisanduku. "Adow, nipige mimi kwanza!" Askari wa lango walipomtoa Adow, Weris alikuwa amepiga magoti, hajaachia kifungo.

Jicho halikupona. Polisi walimkamata Adow, wazee wakamtoa. Mambo ya huku ndivyo yalivyo. Kisha wakaja na habari za ngamia, fidia ya jicho kama ilivyo desturi.

"Ngamia sitaki," Weris akasema, bandeji nusu ya uso. "Adow atamleta mtoto mwenyewe kila kliniki ya macho. Mtoto akipofuka, Adow atanilipa macho ya mtoto na langu. Mtoto akiona, nitadai langu siku hiyohiyo, kwa njia yangu, na asinizuie mtu." Adow akaapa kwamba amekubali.

Alimleta, hakukosa hata mara moja. Alikaa mwisho wa benchi peke yake. Mimi sikumpa hata maji ya kunywa, mbwa yule.

Kliniki ya mwisho wazee walikuja naye, kwa hofu ya kitakachodaiwa. Nami niliogopa, maana mkasi wa bandeji ulikuwa mfukoni mwa Weris na mkono wake ulikuwa humo humo. Daktari akammulika mtoto, huku, kule, akarudia. Akazima tochi, akasema mishipa imekomaa vizuri, macho yote mawili mazima. Deeqa akapiga kigelegele. Adow akajifunika uso kwa shali, akalia kwa kwikwi.

Weris akainuka. Akautoa mkasi, moyo ukanipasuka, kumbe anauweka mezani.

"Toa shali usoni."

Adow akaitoa. Weris akamzaba kofi lililosikika hadi dirisha la dawa. Kofia ikaruka, mdomo ukachanika. Mwanamke kumpiga mwanamume asiye wake, mbele ya wazee! Hakuna mzee aliyemzuia; kiapo ni kiapo.

"Tumemalizana," Weris akasema, machozi yakimtoka jicho lile moja. Akambeba mtoto, akamtia mikononi mwa Adow. "Haya, mshike. Mtazame, naye akutazame."

Adow akampokea huku damu ikimchuruzika kidevuni. Mtoto akamkodolea macho.