Mzee Machibya na Meno ya Doria

Mzee Machibya hajawahi kumpiga mbwa. Naanza na hilo kwa sababu lilisemwa kinyume chake, mbele ya watu, asubuhi kweupe, na aliyelisema ni mtu aliyesoma.

Mimi nauza chai na chapati nje ya geti la duka la vifaa vya ujenzi hapa Mkuyuni, mwaka wa saba sasa. Geti hilo naliona kuliko ninavyouona mlango wa nyumba yangu. Najua nani kaingia, nani katoka, nani kasalimia na nani kapita kama haoni watu. Ukiwa na binti anayetembea peke yake kwenda shule unajifunza kuangalia, na mimi Winnie wangu anapita hapa kila siku. Kwa hiyo ninayoyaeleza sikuhadithiwa.

Mzee Machibya ndiye mlinzi wa ua wa duka hilo. Kwao ni upande wa Bujora. Kabla ya kuja mjini alichunga ng'ombe, na watu walimchukua mnadani awachagulie. Wengine wakimtazama ng'ombe wanatazama nundu na mbavu. Yeye anashika pua, anafungua mdomo, anatazama meno, halafu anakwambia huyu ana miaka mingapi na kama ataweza kutafuna majani makavu kiangazi kikifika. Aliwahi kunieleza kwamba ng'ombe akishaishiwa meno, hata umwachie shamba zima atakonda tu, na mwenye ng'ombe atabaki anasingizia uchawi.

Alipokabidhiwa Doria, mbwa jike wa rangi ya udongo, akamfanyia hivyo hivyo. Kila asubuhi akimaliza lindo anamkalisha karibu na meza yangu, anamfunua midomo, anatazama huku na huku, kisha anamfuta meno kwa kitambaa. Wapakia saruji walikuwa wanamcheka. Walimuuliza kama anamnunua au anamuuza. Alijibu kuwa anamtafutia mchumba, na kati yao hajaona mwenye meno ya kulingana naye.

Siku za mwanzo nilimletea mbwa mifupa ya mbuzi iliyobaki kwangu, imechemshwa ikalainika. Mzee akaikataa. Akasema mfupa uliopikwa unapasuka vijiti vijiti, unachoma koo na utumbo. Nikaona ananiringia, nikanuna siku mbili. Baadaye nikaona anachompa yeye. Anakwenda ziwani kwa akina mama wanaokausha mabaki ya samaki, anachagua ngozi za sangara zisizotiwa chumvi, zimekunjwa kama kamba, urefu wa mkono mpaka kiwiko. Akikosa hizo, anatafuta koromeo la ng'ombe machinjioni, anaanika mwenyewe juu ya bati. Na kila kimoja anakibonyeza kwa ukucha wa dole gumba kabla hajakitoa. Ukucha ukiacha alama, mbwa anapewa. Usipoacha alama, anakitupa. Kikitafunwa kikabaki kipande kidogo anakichukua, mbwa asije akakimeza kizima. Yote hayo hakufundishwa na mtu. Ametazama vinywa vya wanyama maisha yake yote.

Sasa bosi, Renatus. Simsemi vibaya kwa yote. Alisoma kwenye simu yake kwamba mbwa anatakiwa kutafuna kitu ili meno yasishike uchafu na mdomo usinuke. Hilo ni kweli. Lakini hakumuuliza mtu aliyekuwa akimtafunisha mbwa huyo huyo mwaka mzima kwenye geti lake mwenyewe. Alikwenda duka moja mjini akarudi na paketi yenye picha ya mbwa aliyetoa meno meupe kama anapigwa picha ya kitambulisho. Ndani yake zilikuwamo kwato za ng'ombe, nzima, zimekaushwa mpaka ukizigonga zinalia.

Mzee alichukua moja akaibonyeza. Ukucha uliteleza. Akamwambia bosi, kwa adabu, kwamba hii ni ngumu kuliko jino.

"Mzee, hizi zimetengenezwa na wataalamu," Renatus akasema. "Yale matambara yako ya samaki yananitia aibu kwa wateja."

Akaagiza mbwa apewe kwato kila jioni kabla duka halijafungwa, na akawa anasimama mlangoni kuhakikisha. Siku ya nne nilikuwa nafunga meza yangu niliposikia sauti kama mtu amevunja kijiti kikavu. Doria aliitema kwato, akatikisa kichwa, akaanza kulamba hewa. Mzee akakimbilia kumfungua mdomo. Akamwambia bosi kwamba gego la juu limepasuka, aitwe daktari. Bosi akamjibu kuwa mbwa wanatafuna hata mawe. Ila tangu siku hiyo hakusimama tena mlangoni, na mzee akaziweka kwato kando, akarudia ngozi zake. Mbwa akawa anatafuna upande mmoja tu.

Kisha Renatus akaenda kwao Bukoba kwenye msiba, akakaa mwezi na zaidi. Mara mbili mzee alimpigia simu kuhusu jino. Mara mbili aliambiwa asubiri.

Bosi aliporudi, chini ya jicho la Doria palikuwa na uvimbe kama nusu ya yai. Alishuka kwenye gari, akautazama, hakuinama hata kidogo. Wapakia walikuwepo, wateja walikuwepo, na mimi nilikuwepo na chapati yangu mkononi.

"Umempiga mbwa wangu rungu la uso," akasema. "Halafu unanipigia simu ya meno."

Mzee Machibya ana rungu, ndiyo. Ni mlinzi, abebe nini, maua? Hakupaza sauti. Alisema tu hajampiga. Bosi akaendelea mbele ya wote: Ijumaa angeletwa mlinzi mwingine, kijana, na mbwa angechomwa sindano ya kulala moja kwa moja kwa sababu mbwa wa jicho moja hana kazi. Kati ya wale wapakia waliokuwa wakitaniana na mzee kila asubuhi, wawili wakaanza kunong'ona kuwa hata wao waliwahi kumwona akimkaripia. Kumkaripia! Mimi namkaripia Winnie kila siku, nimempiga rungu?

Lakini niseme na langu. Nilinyamaza. Sauti ya jino niliisikia kwa masikio yangu, kwato niliziona kwa macho yangu, na sikufungua mdomo, kwa sababu meza yangu imeegemea ukuta wa Renatus. Nilimtazama mzee akikusanya koti lake na thermosi yake kama mtu aliyekwisha kufukuzwa. Alimaliza miaka mitano ya maisha yake kwenye geti lile bila kupotea msumari mmoja, na sasa angerudi Bujora akiitwa mpiga mbwa. Chapati tatu ziliniungua nikiwa nimesimama pale. Nilijikasirikia kuliko nilivyomkasirikia bosi, na bosi nilimkasirikia sana.

Nikampigia Gladness. Ni daktari wa mifugo, hunywa chai kwangu akiwa kwenye zamu za chanjo. Alifika Alhamisi asubuhi, akamwomba bosi amtazame mbwa kabla ya sindano yoyote. Bosi hakuweza kukataa, wateja walikuwa wanasikiliza.

Gladness alimwambia mzee amshike. Mzee akapiga goti, akafungua mdomo kama kawaida yake, na Doria akatulia. Gego kubwa la juu lilikuwa limebanduka ubavu mzima. Daktari alipogusa ufizi, usaha ukatoka. Akaeleza kwamba mizizi ya jino hilo inafika karibu na jicho, kwa hiyo likioza uvimbe unatokea pale pale. Rungu lingechubua ngozi na manyoya, na hapa ngozi ya juu haikuwa na mkwaruzo. Ugonjwa ulitoka ndani.

"Anatafuna nini huyu?" akauliza.

Mzee akaendelea kumshika mbwa. Hata wakati huo hakutaka kumchongea mtu anayempa kazi. Renatus naye alikuwa anatazama simu yake.

"Kwato za paketi, daktari," nikasema. "Bosi ndiye aliyeagiza. Jino lilivunjika nikiwa hapa, nililisikia."

Paketi ikaletwa. Gladness akagonga kwato kwenye mguu wa meza yangu, akasema kitu kigumu kuliko jino kitavunja jino, hata kiwe na picha nzuri kiasi gani. Ngozi za mzee alizikunja, akaridhika, ila akamwambia hazitoshi peke yake. Mbwa apigwe mswaki pia, na dawa iwe ya mbwa, ya watu ina vitu vinavyomdhuru. Mzee akamsikiliza kama mwanafunzi. Jino lingeng'olewa siku ile ile na jicho lilikuwa zima kabisa.

Hapo Renatus akacheka kidogo, akasema basi yaishe, mzee aendelee na kazi yake.

Mzee Machibya hakusogea.

"Ulisema mbele ya watu, mwanangu," akasema.

Wapakia wakaweka mifuko chini. Renatus aliangalia vifungo vya shati lake, akasema kitu ambacho sidhani hata vifungo vilikisikia.

"Bosi," nikasema, "sisi wa huku mezani hatujakupata."

Akanitazama vile. Nami nikamtazama vile vile. Akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya mtu anayeita gari: "Mzee Machibya hakumpiga mbwa, kosa lilikuwa langu."

"Nimesikia," mzee akasema. Akamfunga Doria kamba, akaongozana na daktari kwenda kung'oa jino.

Tangu siku hiyo Renatus hanunui chai kwangu. Na akanywe kwingine.