Ndizi Nilizovumbika Kabla ya Matokeo

Ni mimi! Ni mimi niliyeagiza zile ndizi zivumbikwe. Tangu msimu wa senene hadi haya mavuno ya kahawa nimemsingizia kaka yangu Deo, naye kwa upole wake amenyamaza. Leo nasema, na mnicheke.

Kemilembe, binti wa Deo, alikuwa akingoja matokeo ya darasa la saba. Mimi, shangazi mwenye shahada, nikatoka Bukoba mjini hadi kijijini kwao Muleba kumfundisha matumaini. Nilijiona mtaalamu!

"Kemi," nikamwambia, "mwenye matumaini hajiulizi. Hujiandaa."

Ili nimwonyeshe mfano, nikamwamuru Deo avumbike ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi, iwe tayari siku majina ya waliochaguliwa yatakapobandikwa.

"Dada, na asipochaguliwa?"

"Ndiyo maana kijiji hiki hakiendelei!" nikamjibu. Lo, usomi!

Ndizi zikaiva. Wanaume wakazikanyaga kwenye mtumbwi wa pombe, rubisi ikachacha vizuri ajabu. Majina yakabandikwa, na la Kemi halikuwemo.

Sasa rubisi haingoji mtu. Leo tamu, kesho siki. Wageni wakaja, shamba la kijiji likalala bila jembe. Waliona aibu kupongeza, wakaona aibu kubwa zaidi kuacha kunywa. Mzee mmoja, kibuyu mkononi, akampa Kemi hongera "ya kujaribu". Na aliyekuwa akiwamiminia ni nani? Kemi mwenyewe!

Mimi nilikuwa wapi? Pembeni, nikimnong'oneza kila mgeni: "Deo na papara zake!"

Ikawa utani wa kijiji. Deo akienda dukani kununua chumvi, wanamuuliza kama amekwisha kuvumbika ndizi za harusi ya mjukuu. Nami nikija kutembea, nilicheka nao. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti.

Kemi hakucheka. Aliacha kula, akaacha kwenda kisimani na wenzake. Asubuhi moja, akimenya ndizi na mama yake, akasema, "Watu wanamcheka baba kwa sababu yangu. Ningekuwa sipo, pombe ile isingepikwa."

Wifi yangu alinitumia maneno hayo kwa dereva wa lori la kahawa, neno kwa neno. Nilikaa ofisini, shahada yangu ikinitazama ukutani. Haikuwa na la kusema!

Jamani wenye elimu, msimpe mtoto matumaini yanayochacha siku moja. Mimi nilimfundisha kushinda tu. Kesho ya kushindwa sikumwachia hata kiti cha kukalia. Na mtoto akitamani asingekuwepo, usimhutubie. Muulize wazi, umsikilize, na asiachwe peke yake.

Nilipiga simu misheni, padre akatuma Kemi aitwe. Akaja na mama yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kemi, unafikiria kujidhuru?" Nilishangaa nilivyoweza kusema sentensi fupi.

Simu ilikoroma.

"Nilifikiria. Nimemwambia mama. Sasa nalala naye. Baba kahamia jikoni, analalamika moshi."

"Usiache kumwambia mama. Na mimi uniambie. Kemi... ndizi zile niliagiza mimi. Baba yako alinionya. Nilitaka watu waone nina mtoto msomi. Hukumwaibisha mtu yeyote. Mimi ndiye niliyewaaibisha."

Alikuwa akilia au akicheka. Simu zetu hazitofautishi.

"Nilijua, shangazi. Lini baba amewahi kuwahisha kitu? Hata kahawa anakumbuka kuichuma ikishaanguka!"

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Nikajikuta nimesimama wima kama mwanafunzi. Mimi!

"Shangazi, upo?"

"Nipo."

"Basi njoo Jumamosi tupalilie migomba. Mbele ya watu mwambie baba hivyo hivyo ulivyoniambia." Akaongeza: "Lakini kwa ufupi, shangazi. Usihutubie."